Kuchagua jenereta ya kuwapa joto chatu, mijusi na kobe wako umeme ukikatika Texas

Februari 2021, baridi kali ilipoishukia Texas, wasimamizi wa gridi ya jimbo, ERCOT, waliamuru umeme ukatwe kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 15 ili gridi nzima isianguke. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo. Eneo la Dallas na Fort Worth lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Kusini kabisa, kwenye kisiwa cha South Padre, maelfu ya kasa walikutwa wakielea baharini wamepooza kwa baridi. Wakazi waliwavua kwa boti zao na kuwapanga sakafuni kwenye ukumbi wa mikutano. Kituo cha Sea Turtle, Inc., kinachotibu kasa kisiwani hapo, nacho kilikuwa gizani, mpaka kampuni ya roketi ya SpaceX, iliyo jirani pale Boca Chica, ilipowapelekea jenereta.

Mwenye chatu sebuleni ana shida ileile kwa kipimo kidogo. Mnyama atambaaye hajitengenezei joto la mwili. Analichukua kwenye jua, kwenye jiwe au kwenye taa uliyomwekea. Taa ikizima, anapoa sawasawa na chumba. Chakula alichomeza kinaacha kusagika, kinga yake inashuka, mapafu yanaanza kujaa kamasi. Hatalia wala hatakwaruza mlango. Atatulia tu, na utulivu huo ndio unaowadanganya wengi kwamba yuko salama.

Nawaandikia Waswahili wenzangu wa Houston, Dallas, Fort Worth na Austin, hasa wazazi ambao watoto wao waliozaliwa huku wamewaletea nyoka au mjusi ndani ya nyumba na sasa mnyama ni wa familia. Watu wengi huingia dukani na kuuliza jenereta ipi ni kubwa. Nakushauri uanze na mnyama, uende kwenye chumba, kisha mashine. Ukifuata mpangilio huo utaona kwamba jenereta ndogo inayobebeka kwa mkono mmoja inatosha familia nyingi. Kinachobaki kuamua ni mafuta uliyojaza mapema na mahali ulipoiweka.

Hatua ya 1: Jua mnyama wako anahitaji nini, na anaweza kuvumilia nini

Kuna joto la kustawi na kuna joto la kuvuka dharura. Jenereta unainunua kwa ajili ya hilo la pili, kwa hiyo usipige hesabu ya kuwasha kila taa kama siku ya kawaida.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ndiye nyoka anayefugwa sana huku. Kwa kawaida anataka upande wa joto uwe nyuzi 31 au 32 za Selsiasi na upande wa baridi usishuke chini ya 24. Kwa siku moja mbili anaweza kuvuka akiwa kwenye 22 au 23, mradi tumbo lake halina chakula. Kama amemeza panya jana, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya joto.

Mjusi wa Australia mwenye ndevu, Pogona, anaota joto la nyuzi 38 hadi 42 mchana, lakini usiku amezoea kushuka hadi 18 au 20 bila madhara. Geko mwenye madoa ya chui, mjusi mdogo, naye anavumilia usiku wa namna hiyo, mradi ana mahali pamoja penye joto pa kulaza tumbo.

Kobe mkubwa wa Sahel, sulcata, anahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu Texas wamejaa kwenye nyua. Wakubwa wanapita kilo 40, na watu hudhani ukubwa huo ni ngao. Kobe huyu hana desturi ya kulala kipindi cha baridi kama kobe wa nchi za kaskazini. Kibanda chake kikishuka chini ya nyuzi 15 akiwa na unyevu, unamtafutia ugonjwa wa mapafu. Wadogo wanataka 27 na zaidi. Usipange kukipasha joto kibanda cha nje kwa jenereta wakati wa dhoruba. Panga kumwingiza ndani.

Kinyonga wa pembe tatu, yule wa miteremko ya Mlima Kenya na Meru, ni kinyume cha hao wote. Kwao usiku ni baridi kweli, na mzima wa afya anavuka usiku wa nyuzi 13 hadi 15 bila tatizo. Wati zikiwa chache, yeye anasubiri zamu yake.

Andika kwenye karatasi: jina la mnyama, kiwango cha chini anachovumilia, kifaa kimoja kinachomfikisha hapo. Vifaa vya huku vingi vinasoma Farenhaiti, kwa hiyo weka namba zote mbili: nyuzi 32 ni 90, nyuzi 24 ni 75, nyuzi 15 ni kama 60. Bandika karatasi hiyo ubavuni mwa kizimba. Usiku wa dharura anayeisoma anaweza kuwa mtoto au jirani.

Hatua ya 2: Punguza nafasi kabla ya kuongeza wati

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Kizimba cha kioo chenye mfuniko wa wavu kinapoteza joto kila upande, na nyumba ikishuka hadi nyuzi 5, balbu ya wati 100 haitamudu hata ikiwaka usiku kucha. Lakini kizimba hichohicho ukikivalisha mbao za povu la kuhifadhia joto, zile za unene wa inchi moja zinazouzwa kwenye maduka ya ujenzi, pande tatu na chini, halafu ukafunika robo tatu ya mfuniko, wati 60 zinafanya kazi kubwa. Acha nafasi ya hewa, na usiruhusu povu wala blanketi kugusa taa au kauri ya joto (kifaa kama balbu kinachotoa joto bila mwanga). Vitu hivyo vinawasha moto.

Kisha wakusanye wote kwenye chumba kimoja. Chagua kidogo kuliko vyote, kisicho na ukuta mrefu wa nje, na dirisha dogo au hakuna kabisa. Mara nyingi ni bafu au stoo ya nguo. Ziba chini ya mlango kwa taulo. Chumba cha namna hiyo kinashikwa vizuri na hita ya umeme iliyojazwa oili, ile yenye mapezi kama redieta, ikiwa kwenye kiwango chake cha chini, ambacho kwa nyingi ni wati 600 hivi. Hita hiyo haina waya mwekundu wa kuunguza, na inaendelea kutoa joto kwa muda baada ya kuzimwa. Sifa hiyo ya pili utaikumbuka wakati wa kuijaza jenereta mafuta.

Chatu mdogo au geko anaweza hata kuhamia kwenye boksi la barafu, yale ya kubebea soda pikiniki, akiwa ndani ya foronya iliyofungwa fundo, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo pembeni yake. Toboa matundu machache. Boksi linalozuia joto kuingia linazuia pia joto kutoka, na hapo huhitaji umeme kabisa kwa saa kadhaa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo

Geuza kila kifaa usome kibandiko. Mkeka wa joto huwa kati ya wati 8 na 24. Kauri ya joto isiyotoa mwanga ni 60, 100 au 150. Paneli ya joto ya juu ya kizimba ni 40 hadi 120. Taa ya UVB, ile ya miale kama ya jua, ni 24 au 39. Izime, siku tatu bila UVB hazimdhuru mnyama mzima.

Tuchukue familia yenye chatu mmoja, Pogona mmoja na geko mmoja: paneli ya 80, kauri ya 100, mkeka wa 16. Jumla ni wati 196. Ongeza hita ya 600 na wati 50 za intaneti na simu, tunafika 846. Hesabu imeisha.

Vifaa vya joto vina uzuri mmoja: havivuti umeme wa ziada vinapoanza. Wati 100 ni 100 tangu sekunde ya kwanza. Mota ndizo zinazovuta ziada hiyo. Friji inayotumia wati 150 ikitembea inaweza kudai mara 3 yake inapoanza. Lakini wakati wa baridi ya namna ile, nyama na maziwa weka kwenye boksi nje ya mlango wa nyuma, uiachie jenereta wanyama na watu.

Kama nyumba yako inapashwa joto kwa gesi asilia, kuna jambo la kufikiria kwa uzito. Tanuru la gesi linahitaji umeme wa feni na vidhibiti tu, kama wati 400 hadi 800. Ukiwa na jenereta inayomudu feni hiyo, nyumba nzima inapata joto, na wanyama wamo humo. Feni hiyo haichomekwi kwenye soketi, imeungwa moja kwa moja ukutani, kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni lazima akuwekee swichi ya kuhamisha umeme kabla ya msimu. Kama joto lenu ni la umeme mtupu, achana na wazo hilo. Mfumo huo unataka kilowati kadhaa, nawe rudi kwenye chumba kimoja.

Hatua ya 4: Chagua mashine

Nunua ya inveta, yaani ile inayousafisha umeme kabla ya kuutoa. Jenereta za kawaida za fremu wazi ni rahisi kwa bei na zina wati nyingi, lakini umeme wake hauna utulivu. Themostati za kisasa, vile vifaa vinavyodhibiti joto la kizimba, hasa zile zinazopunguza na kuongeza nguvu ya taa taratibu, zinategemea wimbi safi la umeme ili zijue zikate wapi. Zikipata umeme mchafu zinavuma, zinapepesa, na nyingine zinakwama zikiwa zimewaka. Themostati iliyokwama wazi inamwoka mnyama ndani ya kizimba ulichokizibia povu pande zote. Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili ni ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Kwa ukubwa, angalia wati za kuendelea, uziache zile kubwa zilizoandikwa mbele ya boksi. Honda EU2200i, kwa mfano, inaitwa 2200, lakini mfululizo inatoa 1800. Usiipakie zaidi ya asilimia 80 ya hizo, yaani 1440. Familia yetu ya wati 846 iko pazuri hapo, na inabaki nafasi ya kuchemsha maji kwa birika dogo ukizima hita kwanza. Mashine za daraja hili, za kampuni yoyote yenye vipuri mjini kwako, ndizo ninazopendekeza. Ya wati 7000 kwa ajili ya chatu na mijusi ni mzigo. Inakunywa mafuta hata ikiwa haifanyi kazi yoyote ya maana.

Hakikisha ina kihisi cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, kinachoizima yenyewe hewa ikichafuka. Na kama unaweza, chukua inayoweza kutumia ama petroli ama gesi ya mtungi. Gesi ya mtungi haiharibiki ikikaa, ila inapunguza nguvu ya mashine kwa takribani asilimia 10, na mtungi mdogo kwenye baridi kali hutoa gesi kwa udhaifu.

Mnaokaa kwenye ghorofa za kupanga, hatua hii kwenu ni fupi: msinunue jenereta. Hakuna baraza la ghorofa lililo salama kwa injini. Nunueni betri kubwa ya kubebeka ya lithiamu. Yenye uwezo wa wati-saa 1000 inakupa kama 850 halisi baada ya upotevu, na hizo zinaendesha paneli ya 80 na mkeka wa 16 karibu saa 9, zaidi ikiwa themostati inakata na kurudisha. Hita usiichomeke humo, itaimaliza kabla hujapika chai. Na betri hizo zisichajiwe zikiwa na baridi chini ya nyuzi 0.

Mwenye uwanja naye anafaidika na betri hiyo. Washa jenereta mchana saa chache, chaji betri, pasha chumba, kisha usiku zima injini na uiache betri ishike paneli na mikeka. Unalala, majirani wanalala, na dumu linadumu.

Hatua ya 5: Mafuta

Mwaka 2021 vituo vingi vya petroli havikuwa na umeme wa kusukuma mafuta, na vilivyokuwa nao vilikuwa na foleni. Mafuta ya siku ya tatu yanunuliwe wiki moja kabla.

Mashine niliyoitaja ina tangi la lita 3.6, na ikibeba robo ya mzigo inakwenda saa 8 na kidogo. Ukiwasha vifaa vya wanyama peke yake, matangi 3 yanavusha saa 24, yaani lita 11. Siku 4 ni lita 44, karibu galoni 12. Ukiiacha hita iwake mfululizo, fikiria lita 16 hivi kwa siku. Madumu 3 ya galoni 5 yanakutosha kwa mpango wa kwanza, 4 au 5 kwa wa pili.

Weka madumu kwenye banda la nje, mbali na moto wa aina yoyote. Ongeza dawa ya kuhifadhi petroli siku ileile unayonunua, na baada ya miezi michache yamimine kwenye gari ujaze mapya. Petroli iliyozeeka huacha utando ndani ya kabureta, na hilo ndilo linalofanya mashine ivutwe kamba hadi mkono uchoke bila kuwaka.

Oili nayo usiisahau. Jenereta nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa kavu. Kwa baridi ya chini ya sifuri, oili nyepesi kama 5W-30 inairahisishia injini kuwaka. Soma kitabu chake. Ikifanya kazi siku kadhaa mfululizo, pima oili kila siku. Ikipungua, mashine nyingi hujizima zenyewe, nawe utadhani ni mafuta.

Hatua ya 6: Mahali pa kuiweka

Idara ya afya ya Texas ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile, na 19 kati ya hivyo vilikuwa vya kaboni monoksidi. Sisi tunaujua ubaya huu tangu nyumbani: kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Jenereta ni sawa na majiko hayo mengi kwa pamoja. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Iweke angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikielekea mbali na kila mlango na dirisha, likiwemo la jirani. Gereji ni marufuku, hata mlango ukiwa wazi. Kinga dhidi ya mvua na theluji kwa kibanda kilicho wazi pande zote. Funga kwa mnyororo, maana sauti yake inamtangazia kila mtu kwamba ipo. Ndani ya nyumba, kengele ya kaboni monoksidi ya betri iwe kwenye chumba cha wanyama na nyingine unapolala. Ikilia, toka na watu wako kwanza.

Waya wa kuvuta umeme uwe wa nje na mnene, geji 12. Namba ikipungua waya unanenepa, kwa hiyo 16 ni mwembamba na utapata moto njiani. Upitishe kwenye dirisha la upande mwingine wa nyumba, uzibe mwanya kwa taulo. Usichomeke kamwe jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Umeme huo unarudi hadi nguzoni na unaweza kumuua fundi anayehangaika kuwarudishia umeme.

Wakati wa kujaza mafuta, zima, subiri kama robo saa ipoe, ndipo ufungue tangi. Povu na hita ya mapezi ndivyo vitakavyowashikilia wanyama muda huo.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya Desemba

Kila mwezi iwashe dakika 15 au 20 ikiwa na mzigo wa kweli. Na kabla baridi haijaanza, fanya zoezi zima siku ya mapumziko: hamisha wanyama, chomeka kila kitu, weka kipimajoto cha dijitali kwenye sakafu ya kila kizimba na uandike joto kila saa. Zoezi hilo litakuonyesha waya ambao haufiki, plagi isiyoingia, na kizimba ambacho hakipandi hata ufanye nini. Waonyeshe na watoto wakubwa namna ya kuzima mashine.

Umeme ukirudi

Usiwashe kila taa kwa nguvu zote. Mnyama aliyepoa apandishwe taratibu, nyuzi chache kwa saa, kwanza hadi joto la kawaida la upande wa baridi, halafu umwachie mwenyewe asogee kwenye joto. Mpe maji. Chakula kisubiri hadi akae siku 2 au 3 kwenye joto lake kamili, na chatu aliyetapika asubiri wiki mbili.

Kwa wiki kadhaa sikiliza anavyopumua. Mdomo kuachama akiwa ametulia, mapovu puani, mluzi mwembamba anapovuta pumzi, au nyoka anayeinua kichwa juu bila sababu: hizo ni dalili za mapafu, na zinataka daktari wa mifugo anayetibu watambaao. Si kila daktari wa mbwa anawajua wanyama hawa, kwa hiyo namba ya simu ya huyo itafute sasa na uiandike kwenye ile karatasi ya ubavuni mwa kizimba.